Koti la Zipu

Kwa miaka ishirini fundi cherehani aliipenda tamthilia ya inspekta mmoja wa runingani, na koti la inspekta huyo alilijua mfuko kwa mfuko. Tamthilia ilipogeuzwa filamu, mkewe alimwapisha mlangoni mwa ukumbi: "Baba, ukibishana na filamu kama unavyobishana na runinga, nakuacha humohumo."

Inspekta akatokea na koti la zipu. Fundi akajaza bisi mdomoni, macho yakamtoka pima. Ndipo mkewe akasimama.

"Zipu? Nyie, huyu ana vifungo vinne vya shaba, na cha tatu kimelegea tangu afiwe na mkewe."

"Kaa chini, mama, watu wanatutazama," fundi akanong'ona.

Mlinzi alipokuja kuwatoa, fundi alitoka amemshika mkewe mkono kama bwana harusi.