Kigoda cha Kona ya Kutulia

Fundi seremala alifika shuleni na maranda bado yamemganda kwenye nyusi, na hasira zimemfika hapa, kooni. Ameitwa tena! Mteja wa kabati amemwacha karakana akigonga vidole mezani, gundi imeshapakwa na gundi haimsubiri mtu, halafu yeye, mtu mzima na ndevu zake, anaitwa shuleni kama mtoto aliyevunja dirisha. Na kosa lenyewe ni lile lile. Chiriku amefanya vurugu.

Chiriku ni bintiye wa pekee. Jina hilo alimpachika yeye mwenyewe, maana nyumbani mtoto huyo hafungi mdomo, anaongea mpaka na nyundo. Ajabu ni kwamba shuleni wanasema haongei kabisa. Wanasema analia, anapiga mateke, anang'ata. Anang'ata! Fundi alipoambiwa mara ya kwanza alicheka, akadhani wamechanganya watoto.

Safari hii hakucheka. Ujumbe wa mwalimu mkuu ulikuwa hauna chenga: leo inaamuliwa kama mtoto atabaki darasani au atakaa nyumbani hadi mwaka ujao. Hadi mwaka ujao, jamani, mtoto wa miaka saba! Akae na nani, na misumeno? Mama yake alikuwa zamu hospitali, hawezi kutoka. Alipiga simu tu.

"Baba Chiriku, nakuomba, usiende kugombana."

"Nani anagombana?" akafoka, mpaka mteja wa kabati akageuka kumtazama.

Walimweka kwenye darasa lenyewe, wakati watoto wako nje mapumziko. Viti vilikuwa vya watoto, kwa hiyo alisimama. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa na kalamu tayari mkononi. Pembeni yake alikaa mwalimu wa darasa, binti mdogo tu, sauti imemkauka. Chiriku mwenyewe alikuwa amejibanza mlangoni, anachezea kifungo cha sweta, haangalii mtu.

Fundi alitupa macho kwenye kona ya darasa, na roho ikamtulia kidogo. Kigoda chake kilikuwa pale, juu ya mkeka, chini ya picha za nyuso zilizobandikwa ukutani. Angalau kitu kimoja katika shule hii kilikuwa kimenyooka.

Kigoda hicho alikitoa kwa moyo mweupe. Mwanzoni mwa muhula, kwenye kikao cha wazazi, mwalimu aliuliza nani anaweza kutengeneza kigoda kwa ajili ya kona ya kutulia, na Fundi akanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Hakungoja kuelezwa hiyo kona ni ya nini. Alikuwa ameacha vanishi ikikauka, akaondoka zake. Akatengeneza kwa kigezo chake, kile kipande cha mbao nyembamba kinachoning'inia ukutani karakana, ambacho vigoda vyake vyote hutoka humo: miguu mitatu, kikalio kimebonyea kidogo katikati, rangi ya chai ya rangi. Kilikuwa pacha wa kile cha nyumbani, nyuma ya mlango wa jikoni.

Cha nyumbani kilikuwa na kazi yake. Fundi hakuwa baba wa kupiga. Yeye alipigwa utotoni mpaka akakoma, akaapa kwamba mwanawe hataguswa, na hakumgusa. Chiriku akipandisha mori, akigaagaa, akitupa sahani, alimbeba tu akamweka pale, uso ukutani. "Kaa hapo mpaka akili ikurudie." Na mtoto alikaa mpaka aambiwe inuka. Fundi alijivunia sana mtindo huo. Aliwahi hata kuwafundisha kina baba wenzake.

"Haya, amefanya nini leo?" akauliza.

"Ni jana, baba," alisema mwalimu. "Mwenzake alimnyang'anya rangi, naye Chiriku akaanza kulia. Nikamwambia twende konani ukatulie. Basi hapo ndipo alipoharibika. Akapiga kelele, akakirusha kigoda, kikampata mwenzake mguuni."

"Kigoda changu?"

"Chako."

"Kwani huko konani mnamfanya nini?"

"Hatumfanyi kitu! Mtoto akikasirika anakwenda kukaa, anavuta pumzi, anatazama picha, anajua anajisikiaje. Wenzake wanapagombania. Yeye kila nikimshika mkono kumpeleka, ananing'ata." Akapandisha mkono wa blauzi. Alama zilikuwepo, nyekundu, za meno madogo.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Kwa hiyo, baba, tunataka kujua. Huko nyumbani kuna nini?"

Lo! Hapo ndipo walipomgusa pabaya.

"Nyumbani kuna nini? Nyumbani kuna amani! Mtoto anakula, anacheka, anaongea kutwa mpaka masikio yanauma! Simpigi, hata kofi! Nyie ndio mnaye kuanzia asubuhi, mnashindwa kumtuliza, halafu mnaniita mimi niache kazi yangu nije kuulizwa nyumbani kuna nini?" Akapiga meza. Kopo la penseli likaruka, penseli zikatawanyika sakafuni. "Mnaniona mimi sina akili, siyo?"

Kilichosikika ni kitu kinachoburutwa.

Chiriku alikuwa ametoka pale mlangoni, akaenda konani. Alikuwa anakivuta kigoda kwa mikono miwili, mikono imenyooka kabisa, kisimguse tumbo. Alikifikisha ukutani, karibu na baba yake, akakiweka sawa, akasimama nyuma yake.

"Baba, kaa hapo."

"Nini wewe?"

"Kaa hapo mpaka akili ikurudie."

Sauti ilikuwa ya kwake, lakini maneno yalikuwa ya Fundi, hata ule mkazo kwenye "hapo" ulikuwa wake. Masikio yakamwaka moto. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu awe baba.

"Hayo maneno ameyatoa wapi?" mwalimu aliuliza taratibu.

Angeweza kusema hajui.

"Kwangu," akasema. "Kule nyumbani kipo kama hiki. Kigezo ni kimoja. Akikosea, ndipo anapokaa."

Mwalimu akajifunika mdomo. "Mungu wangu. Muhula mzima namvuta kwenye adhabu yake, namwambia nenda kapumzike. Na sikuwahi kukuuliza."

"Na mimi sikungoja uniambie."

Chiriku alikuwa bado ananyoosha kidole kwenye kigoda. Fundi akakaa, angefanya nini tena? Magoti yakamfika kidevuni. Vigoda alivyovitengeneza havihesabiki, ila hajawahi kukalia hata kimoja huku anatazama ukuta. Ulikuwa ukuta mtupu, na uko karibu mno na pua. Nyuma yake watu walikuwepo, lakini hakujua wanamtazamaje.

Mwalimu akainama. "Baba, hapa kwetu mtu huinuka mwenyewe, akiona amepoa."

Fundi akaanza kuinuka.

"Sijakwambia," alisema Chiriku.

Akarudi akakaa.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia kwa kishindo, wakaona lijibaba limekaa kwenye kigoda limetazama ukuta, wakasimama wakishangaa.

"Mwalimu, yule amefanya nini?" mmoja akauliza.

Mwalimu alifungua mdomo, lakini Chiriku alimwahi, yeye ambaye darasa zima halijui sauti yake.

"Hajafanya kitu. Amekasirika, anatulia."

Kumbe alielewa siku zote kona ile ni ya nini, ila hakuamini kwamba ni yake pia. Mwalimu mkuu akafunika kalamu yake. "Kesho aje mapema," akasema kwa sauti ya chini, "na wewe, baba, uje naye, tuzungumze vizuri."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

"Haya, inuka," Chiriku akamwambia. Akakibeba kigoda mwenyewe, safari hii kimemgusa tumbo, akakirudisha konani juu ya mkeka. Baba yake akamfuata, akaketi chini kando yake. Mtoto alikitazama kigoda kwa muda. Kisha akakikalia, ukuta mgongoni, uso kwa wenzake.