Siku Sita za Tanuri

Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu, mguu mmoja uko nje ya mlango, mpwa wangu aliponishika mkoba.

"Mjomba, huendi popote mpaka utie saini. Mwisho wa kupeleka maombi ni saa sita mchana."

Alikuwa anaomba nafasi shule ya biashara, mara ya tatu na ya mwisho, maana umri wanaoutaka ulikuwa unamtupa mkono. Walitaka insha: eleza siku uliyoongoza watu katika shida. Chini yake, shahidi atie saini kwamba ni kweli.

Nikaisoma nimesimama. Shule nimeidokoadokoa, mwaka hapa, miezi miwili kule, lakini kusoma najua. Tanuri la kiwanda cha mikate linapasuka. Msimamizi anatoroka na lori la unga. Binti mmoja anawakusanya wenzake, wanajenga jiko la matofali uani, na kwa siku sita wagonjwa wa hospitali hawakosi mkate.

Hadithi ile ilikuwa yangu. Nimeisimulia mezani kwa dada kila niliporudi safari, na humo anayewakusanya wenzake ni mimi. Msimamizi mtoro hakuwamo. Huyo kamtia yeye, insha ipate adui.

"Umeniibia," nikasema.

"Nimekuibia nini? Tanuri lako tumekula nalo tangu niko chekechea. Safari hii nalo linilishe."

"Sisaini uongo. Andika ya kwako."

"Ya kwangu yapi? Wewe ulikwenda kote, mimi nikabaki kumuuguza mama. Niwaandikie nini, ndoo na dawa?"

Dada akacheka chumbani, kicheko kikavu. "Leo kaka kashika dini! Mwache, mwanangu. Kuondoka ndiyo kazi pekee aliyofuzu."

Damu ikanichemka. Nikatapika nililolikalia miaka thelathini: kwamba msimamizi alikuwapo, na ni mimi. Tanuri lilipopasuka niliona moshi, nikaona lori lina ufunguo, nikapanda. Ya siku sita nilisimuliwa baadaye, stendi ya mabasi, na mfanyakazi mmoja wa kukanda unga aliyekataa kunipa mkono. Aliyewaongoza ni mama mpima chachu, tukimwita Bibi Mizani.

Nilidhani mpwa wangu atanionea huruma, au walau atanitemea mate. Alinitazama kama mtu anayetazama saa.

"Hilo halinisaidii, mjomba. Saini."

Nikauvuta mkoba mikononi mwake, nikaenda zangu.

Dada alisaini zikiwa zimebaki dakika tano. Shule ikampokea binti yake. Leo anaongoza kiwanda cha sabuni, na simu zangu hapokei. Dada alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Nilifika siku ya tatu, wameshazika. Kiwanda cha mikate kilivunjwa, pamejengwa maghala. Bibi Mizani nasikia yu hai, anakaa kwa mwanawe, mwendo wa nusu siku kutoka hapa nilipo. Sijaenda.