Jina Lililokaribia

"Asilimia tisini na nne," alisema Wepukhulu, karani wa chumba cha maiti, akatugeuzia kompyuta yake. Nilimchukia papo hapo, yeye na hesabu yake, ingawa hakuwa na kosa lolote.

Tulikuwa tumekuja Kisumu kumtafuta kaka yangu, Joram Ondiek, fundi wa kuchomelea vyuma kule Obunga. Mashua ilipinduka akienda kisiwani kutengeneza geti la shule, na ziwa likakataa kumrudisha. Kwenye kompyuta alikuwapo maiti mmoja tu mwenye jina lililokaribia lake: Jorim Ondieki.

"Mama, hii mashine haisomi jina vile imeandikwa," Wepukhulu alimweleza mama yangu kwa upole. "Inaskiza vile inatamkwa. Polisi huandika vile wamesikia, kila mtu na yake. Sasa yenyewe inatafuta ile iko karibu."

"Ondieki ni Mkisii," nikasema. "Sisi ni Wajaluo."

"Mashine haijui kabila, dada yangu."

Siku nyingine ningecheka. Kenya hii, kitu kisichojua kabila kingefaa kupewa medali.

Mama hakuwa akitusikiliza. Baba naye alichukuliwa na ziwa hilohilo nikiwa darasa la tatu, asionekane tena. Kwetu, mtu asiyepatikana huzikiwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia mtini. Hulazwa kaburini badala ya mwili na kuliliwa kama mtu. Nakumbuka wazee wakiliviringishia shuka, na Mama akikataa kulitazama. Tangu hapo, Baba akitajwa, Mama alisema, "Mimi ni mjane wa tunda." Wanawake aliouza nao dagaa wa omena sokoni Otonglo walicheka, maana hawakujua wafanye nini kingine.

Wepukhulu akatuingiza ndani, akafunua shuka. Uso ulikuwa umeharibika, lakini miguu ilikuwa mizima. Joram alikuwa na kovu kubwa kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, alipoumizwa na mnyororo wa baiskeli. Mguu ule haukuwa na kovu. Mama aliupapasa polepole, akaushika na ule mwingine, kisha akaurudia wa kwanza.

"Ni yeye," akasema.

"Mama, lakini..."

"Dolphine. Nimesema ni yeye. Sitazika tunda mara ya pili."

Asilimia tisini na nne, na mama mzazi analia: karani gani angeuliza zaidi? Tulipewa mwili tukaenda nao nyumbani, njia ya Bondo.

Tulimzika kwa heshima zote, ng'ombe akachinjwa na kwaya ikaimba. Mama alilia kilio cha kweli, na hicho ndicho kilichonitisha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wake sasa ulikuwa umepata pa kukaa. Baada ya mazishi alianza kula, akaanza kulala. Nami, ambaye sikuwahi kupenda uongo, nikawa naomba Mungu huu udumu.

Haukudumu. Kaburi lilikuwa bado halijaota majani alipofika mama mmoja kutoka Kisii, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alikuwa ameenda kwa Wepukhulu kumtafuta mwanawe, na kompyuta ikaonyesha kwamba alishachukuliwa.

"Mimi ni mama ya Ondieki," alisema. "Nimeambiwa ni nyinyi mlimbeba."

Baba mdogo Wandera alifungua mdomo ili akane. Mama akamnyamazisha kwa mkono.

"Ni kweli," akasema. "Nilijua si wangu."

Nilingoja kofi. Ningekuwa mimi, ningempiga. Yule mama alitembea hadi kaburini, akautazama msalaba wenye jina la kaka yangu, akaketi kwenye udongo.

"Mlimlilia?"

"Tulimlilia sana."

"Kwa jina gani?"

 Baba mdogo alikuwa akitazama ardhi.

"Hiyo Jorim ni ya shule," yule mama akasema. "Nyumbani tunamwita Momanyi. Jina ya babu yake."

Mama akapiga magoti kando yake. Akaanza kilio upya, tangu mwanzo, akiita Momanyi, Momanyi, mpaka majirani wakatoka nje, na yule mgeni akamfuata. Siku hiyo hakuna aliyemtaja Joram.