Kilichomsimamisha Luc pale Maboya

Luc alipofariki, pikipiki yake ilianza kunywa. Wakati wa uhai wake ilikwenda kutoka Butembo hadi Beni na kurudi kwa chupa tano za petroli, zile chupa kubwa za bia, huku imebeba mafurushi mawili ya liki, zile mboga za jamii ya kitunguu. Baada ya mazishi, safari hiyo hiyo na mzigo ule ule ikawa inataka chupa saba. Watu walisema ni huzuni. Godelive, mjane wake, alikuwa na huzuni ya kutosha nyumbani na hakuona vipi chuma nacho kiwe nayo.

Mwaka ulikuwa 2001, wakati wa vita. Malori ya mafuta yalizuiliwa mpakani Kasindi kila komanda fulani alipoamka vibaya, na petroli iliuzwa barabarani kidogo kidogo kama dawa ya macho. Chupa mbili za ziada hazikuwa jambo la kuchekewa. Zaidi ya hapo, kwa desturi mali ya Luc ilikuwa ya ukoo, na mjumbe wa ukoo alikuwa Nzanzu, mdogo wake Luc, kijana mwema aliyekuwa na ila moja tu, kuwaogopa baba zake wadogo.

"Mulamu," alimwambia shemeji yake akiishika pikipiki, "hii moto inakunywa sana. Bazee banasema tuiuzishe mbele haijakufa. Lakini nimebaomba: kama inaenda Beni na kurudi na chupa tano, inabakia yako. Mimi mwenyewe nitaikalia nyuma, nione."

Bila pikipiki, Godelive angerudia maisha ya mama yake: mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, siku mbili za kutembea, na liki zikifika Beni zimenyauka na wanunuzi wamekwisha kushiba. Watoto watatu walikuwa wanasoma kwa liki hizo. Akapewa siku nne.

Luc ndiye aliyemfundisha kuiendesha, na kwa kumtazama akiisafisha alijua kuifungua. Akatoa buji, ile plagi ya kuwashia injini. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Lakini wiki iliyopita aliisafisha Beni sokoni, na huko aliikuta na rangi ya kahawa iliyokaangwa, safi kabisa. Pikipiki ni ile ile, petroli ni ile ile, mwendeshaji ni yeye yule. Nani alikuwa anaipaka masizi njiani? Swali hilo lilimkaa kichwani hata akaunguza ugali.

Akaipeleka buji kwa jirani yake Ilunga, mwalimu wa fizikia aliyetoka Kasai, ambaye mshahara wake haukuonekana tangu vita vianze, kwa hiyo alikuwa na nafasi tele ya kujibu maswali. Mwalimu hata hakuigusa.

"Mama," alisema, "maharage ya Beni na ya hapa Butembo, gani inaiva mbiyo?"

"Ya Beni," akajibu Godelive. Mwanamke gani asiyejua? Maharage ya Butembo yanakula kuni mpaka unataka kulia.

"Bon. Hapa tuko juu, hewa iko nyepesi. Maji inatokota mbele haijapata joto ya kutosha. Na moto yako inapumua hewa ile ile nyepesi, lakini unaipatia kipimo ya petroli ya watu ba chini. Petroli haiungui yote. Yenye inabakia, ndiyo ile masizi."

Godelive alicheka peke yake njia nzima. Maharage! Miaka yote amekaa na jibu jikoni.

Alasiri hiyo akafungua kabureta. Ndani yake kuna sindano nyembamba inayoingia kwenye tundu la petroli, nayo imeshikwa na kachuma kadogo kanakobana kwenye mmojawapo wa mikato yake mitano. Ukikapandisha kachuma, sindano inazama na tundu linakuwa dogo. Akakapandisha mkato mmoja, akazunguka mji, akarudi na buji yenye rangi ya kahawa. Alifurahi kama mtoto. Ila swali jingine likaanza kumwasha: kama dawa ni nyepesi hivi, Luc alifanyaje wakati wake?

Siku ya safari wazee walishuhudia chupa tano zikimiminwa, moja baada ya nyingine, na Nzanzu akapanda nyuma kati ya liki. Njia ilikuwa tamu mpaka walipoanza kushuka kuelekea Maboya. Hapo injini ikaanza kugonga, tiki tiki tiki, kama kijiko kwenye glasi ya chai. Joto likampanda Godelive miguuni na nguvu ikaanza kupotea.

"Ni nini hiyo?" Nzanzu aliuliza.

Godelive akapunguza mwendo. Alijua injini yenye njaa ya petroli huwaka moto mpaka pistoni inaganda, na ikiganda hakuna cha kuuza wala cha kubakiza. Akasimama pembeni ya barabara, na ndipo alipoona amesimama wapi: mbele ya kibanda cha ndizi za kuchoma cha Vagheni.

Kibanda hicho aliapa hatakanyaga. Kila safari Luc alikuwa akisimama hapo, akienda na akirudi, na mkewe alipomuuliza kwa nini, alicheka tu na kusema, "Ninasalimia Vagheni." Waligombana kwa neno hilo mara nyingi. Na Vagheni alikuwa mzuri kweli, jambo ambalo halikusaidia.

Vagheni akaitazama pikipiki, akaingia ndani, akatoka na bisibisi iliyoviringishwa katika kitambaa.

"Luc alikuwa anaiacha hapa," alisema. "Akishuka anafungua, akipanda anafungua. Mimi namuuliza, juu ya nini? Anacheka. Anasema: kale kachuma, ukishuka nako kashuke, ukipanda nako kapande."

Godelive aliipokea bisibisi. Kumbe. Aliona haya, akaona furaha, na juu ya yote akamkasirikia Luc, kwamba amekufa kabla hajamgombeza kwa hili. Alikuwa ameigundua nusu ya siri. Hewa ya Butembo ina kipimo chake na ya Beni ina chake, na Maboya ni mahali pa kubadilisha.

Nyuma yake Nzanzu alikuwa anahesabu kitu kichwani.

"Kaka alikufa Beni," alisema mwishowe. "Ni mimi nilipandisha hii moto siku ya matanga. Sikusimama hapa, mulamu. Ni mimi niliifanya ikunywe."

Godelive akakashusha kachuma, na kugonga kukaisha. Wakauza liki Beni. Wakati wa kurudi wakasimama tena, wakala ndizi za Vagheni, kachuma kakapanda. Bisibisi wakaiacha palipokuwa pake.

Nyumbani Nzanzu alifungua tangi mbele ya wazee, akalitikisa, na petroli ikasikika ndani. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akawaambia baba zake wadogo kwamba ugonjwa wa moto ulikuwa yeye, na kwamba hakuna wa kuiuza. Wakanung'unika, wakaenda zao.

Na tangu siku hiyo, watoto wakimuuliza mama yao kwa nini husimama Maboya kila safari, anacheka tu.

"Ninasalimia Vagheni," anasema.