Mwenye Haja Aseme

Tumbo lilianza kumsokota Shangazi kabla nesi hajafungua mdomo. Alikuwa benchi la mbele, kwenye karakana ya mashati, magoti ameyabana, kijasho kinamtoka puani. Kutoka haikuwezekana. Mafundi wote wa kola walikuwa na kibao kimoja cha mbao. Aliyekishika ndiye aliyeruhusiwa kwenda chooni, na leo msimamizi alikuwa amekitia mfukoni mpaka somo liishe. Mwenzao aliyetoka bila kibao juzi, cherehani yake ilipewa mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Nesi, binti mpole aliyeletwa kwa siku moja tu, aliinua picha ya utumbo.

"Mama zangu, tumbo halisokoti bure. Utumbo hujikaza ili usukume chakula. Ukishinda na njaa, au ukila mbio mbio, unavurugika. Usipokunywa maji, choo kinakuwa kigumu, unajikaza zaidi. Maji machafu nayo yamo. Na wengine mnabana haja. Mnabana kwa nini?"

Mafundi wakatazamana. Asubuhi kila mmoja alikuwa amelowesha midomo tu, maana maji ya sasa ni haja ya baadaye. Hilo Shangazi alilijua tangu nesi huyu anabebwa mgongoni.

"Uvivu tu," msimamizi akadakia, akacheka peke yake.

Shangazi alimchukia, kisha akachoka hata kumchukia. Msokoto ukapanda tena. Akainua mkono.

"Ehe, Shangazi, uliza," nesi akasema.

"Siulizi, mwanangu. Naomba kibao."

"Kibao gani?" nesi akashangaa.

"Mambo yetu ya humu ndani, dada, usijali." Msimamizi akatazama saa. "Shangazi, jikaze kidogo, tunamaliza. Haya, mwenye haja aseme!"

Mikono ikainuka, benchi la mbele mpaka la nyuma. Nesi akatabasamu, akidhani somo limewakolea.

"Haja ya kuuliza, jamani," msimamizi akasema taratibu, huku anawatazama usoni mmoja mmoja.

Mikono ikashuka. Wa Shangazi ulikuwa wa mwisho.

"Basi, kama hakuna mwenye haja, kazini."

Cherehani zikaanza kunguruma, kibao bado kimo mfukoni mwa msimamizi. Kabla ya kuondoka, nesi alibandika picha yake kwenye mlango wa choo, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: USIBANE. Shangazi aliisoma kutoka alipoketi. Joto lilipomteremka mapajani hakuinua mguu kwenye pedeli. Kola ilikuwa imefika nusu.