Tonge Moja, Shati Moja

Jumanne, tarehe kumi na mbili Machi, kulikucha na manyunyu yasiyotaka kunyesha wala kuacha. Shangazi, kama wote kazini walivyomwita, aliingia chumba cha pasi na viatu vilivyolowa, akamshukuru Mungu kwa kumfikisha salama, kisha akamwomba jambo moja: jioni asisinzie.

Halikuwa ombi dogo. Akiwa na miaka hamsini na mitatu, Shangazi alikuwa akihudhuria masomo ya jioni ya kusoma na kuandika, na mara mbili usingizi ulimchukua hadi paji la uso likagonga dawati. Mwalimu alimwambia kwa upole, ila bila kuzunguka: "Mama, ukisinzia tena, Ijumaa siwezi kukuandikisha mtihani."

Lakini angefanyaje? Pale kazini walifua nguo za hoteli tatu, na wapiga pasi walikuwa na desturi yao. Kila mmoja aliweka chakula pembeni ya meza. Ukimaliza shati, unatupia tonge mdomoni, unavuta shati jingine. Tonge moja, shati moja, na hakuna anayekaa kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Waliona huo ni ufundi. Aliyekula bila kudondosha punje kwenye kola alisifiwa, na bingwa wao alikuwa Shangazi mwenyewe.

Kazi ya nyumbani aliyopewa ilikuwa kunakili mistari kumi ya maandishi yoyote ya kazini kwake. Alipotundika koti lake bichi, msumari ukang'oka, aproni nane zikaanguka, na nyuma yake likajitokeza bango la sheria ya kazi. Shangazi akaona Mungu amemjibu kabla hajamaliza kuomba. Saa sita, chakula kilipofunguliwa, akaacha shati mezani na kutoa daftari. Akaanza kunakili, na kwa kuwa bado hakuweza kusoma kimya, wote walimsikia.

"Mfanyakazi... akifanya kazi saa tano... mfululizo... atapewa mapumziko... ya saa moja. Katika muda huo... hatatakiwa kufanya kazi... yoyote."

Pasi zikaanza kusimama moja baada ya nyingine.

"Shangazi, hebu rudia hapo mwisho," alisema binti anayekunja mashuka.

"Usinikatize, sijafika kwenye nukta."

Msimamizi, ambaye kwa mwendo wake walimwita Bwana Chapchap, akaingia na kipande cha mkate mkononi. "Mbona kimya? Nani kafiwa?"

"Hatujafiwa, kaka. Tunasomewa," alisema binti wa mashuka.

Akalitazama bango. "Hilo nililitundika mimi, mwaka wa saba huu. Mkaguzi wa kazi alisema litundikwe."

"Hakusema lisomwe?"

"Alisema litundikwe." Wakacheka, naye nusura acheke. "Haya, gari la hoteli linakuja saa nane."

Shangazi alijua wapo waliofukuzwa kwa maneno machache kuliko aliyokuwa nayo. Hata hivyo alisema: "Mwanangu, jana saa tisa nilichoma kola mbili kwa sababu miguu ilishakufa ganzi. Na jioni nikisinzia, mtihani wangu ndiyo basi. Nipe hiyo saa yangu nikae. Saa zinazobaki sitakuchomea hata kola moja."

"Nani aliwafundisha kula mmesimama?"

Binti wa mashuka ndiye aliyejibu. "Wewe, kaka. Ulipokuwa unapiga pasi meza ya tatu. Ulisema inaokoa muda."

Bwana Chapchap akalisogelea bango, akalipitishia kidole hadi chini kabisa. Pale paliandikwa: nimesoma na nimeelewa. Chini yake, saini yake. Akaitazama kwa muda, akautazama na mkate wake ulioliwa nusu, kisha akavuta kreti la sabuni na kukaa. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa.

"Zimeni pasi," alisema. "Hoteli nitazipigia simu mimi."

"Leo tu, au?" Shangazi aliuliza, kalamu mkononi. "Bango limenipa mistari tisa. Nimebakiza mmoja. Sema taratibu, naandika, na hawa wote wanasikia."

Bwana Chapchap akakohoa, akasema neno kwa neno, akisubiri kalamu: "Kuanzia leo... kila siku saa sita... pasi zinazimwa kwa saa moja... na mimi nitakaa nanyi."