Jiwe Nililoahidiwa

Mume wangu amenipa ahadi nyingi tangu anioe, na nyingi kati ya hizo zilijifia zenyewe. Ile ya jiwe ndiyo niliyoing'ang'ania.

Kazi yake ni kukodolea macho picha za anga, akitafuta vidoa vinavyohama. Siku moja akakuta kidoa kigeni: jiwe kubwa kama mlima, linazurura huko kati ya Mirihi na Mshtarii. Anayegundua jiwe hupewa heshima ya kupendekeza jina lake, ila asiliite kwa jina lake mwenyewe. Akarudi nyumbani anacheka peke yake. "Mke wangu, hili ni lako."

Mimi ni msusi, na saluni haina siri. Kufika jioni, hata waliokuja kuosha nywele tu walijua kwamba nimepanda mbinguni kabla ya kufa. Wifi yangu, ambaye tunasuka naye kiti kwa kiti, akabetua midomo.

"Kaka yangu namjua. Siku ya harusi alisahau pete. Subiri kwanza!"

Kumbe desturi yao ni kwamba jiwe halipewi jina mpaka njia yake ijulikane barabara. Bwana wangu alikimbilia jina. Wenzake walipoipigia hesabu njia ile kurudi nyuma, wakakuta jiwe liliwahi kuonwa zamani na mama mmoja wa nchi ya mbali, likampotea. Aliyetangulia kuona ndiye mwenye haki.

Nilikasirika, sifichi. Nilikuwa nimetangaza mali ya watu kuwa yangu.

"Tulia, mama watoto."

"Nitulie wapi? Dada yako ananiamkia 'shikamoo nyota' tangu asubuhi!"

Siku chache baadaye yule mama akapiga simu, tukiwa mezani na wifi; mume wangu akaweka spika. Sauti ya kizee, lakini changamfu. Alisema alishakata tamaa, alidhani ataingia kaburini bila kuliona tena jiwe lake. Sasa anataka kuliita kwa jina la huyu aliyemrudishia.

Mume wangu akakohoa. "Ahsante sana, mama. Ila naomba uliite jina la mke wangu. Nilimwahidi."

"Yupo hapo? Yeye anasemaje?"

Wifi aliacha kutafuna. Heshima yangu yote ilikuwa ndani ya simu ile, ni kusema ndiyo tu. Nikamtazama mume wangu, macho yake mekundu kwa kukesha na picha. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mtu akimshukuru, hata mimi. Nilimwonea huruma, na nikampenda upya pale pale mezani. Nikamnyang'anya simu.

"Mama, usimsikilize huyu. Weka jina lake."

Jumatatu wateja wakaniuliza jiwe langu limefikia wapi. Nikasema ni la mume wangu. Wifi akafungua kinywa anitanie, akasema "kaka yangu" tu, kisha akaanza kulia juu ya kichwa cha mteja.